Masisi na Walikale: uoza wa nyama chini ya ngozi hauwasubiri wanaochelewa barabarani

Mguu umevimba na ngozi inang'aa, lakini hakuna kidonda kikubwa cha kuonyesha. Mgonjwa analia kama mtu aliyevunjika mfupa, na wanaomtazama wanashangaa analia nini. Mara nyingi ndivyo unavyoanza ugonjwa ambao madaktari wetu, kwa Kifaransa chao, wanauita fasiiti nekrozanti. Vijidudu vinaingia kupitia mwanya mdogo tu, kama mkwaruzo wa jembe, mwiba, sindano chafu, tundu la risasi au mshono wa mama aliyezalishwa kwa upasuaji. Vikishafika chini ya ngozi vinafuata utando unaofunika misuli na kuozesha kila kinachoguswa. Kasi yake huhesabiwa kwa saa.

Ugonjwa huu hauna kampeni wala kibao barabarani kama kolera, surua au Ebola. Kwa hesabu ya wagonjwa si mkubwa. Lakini wilaya za Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, zina karibu kila kitu kinachoufungulia mlango: majeraha ya vita, machimbo ya msituni, utapiamlo, malaria inayomaliza damu, na safari ndefu kabla ya kuonana na daktari mwenye kisu. Anayefika hospitalini akiwa nao anaweza kupona kabisa, anaweza kurudi nyumbani bila mguu, na anaweza kufa kabla ya siku ya tatu. Kujua mapema ni ipi kati ya njia hizo tatu inamngoja kunabadilisha mambo mengi: nani apewe nafasi kwenye ambulansi, nani apelekwe chumba cha upasuaji kwanza, nani atafutiwe damu usiku huo huo, na familia iambiwe nini.

Madaktari wa nchi mbalimbali wamejaribu kuliweka swali hilo katika hesabu. Shida ni kwamba hesabu nyingi zilitungwa katika hospitali zisizofanana hata kidogo na zetu.

Hesabu iliyotoka Singapore

Inayojulikana zaidi inaitwa LRINEC. Madaktari wa Singapore waliitangaza mwaka 2004. Inachukua vipimo sita vya damu: protini ya CRP inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, chembe nyeupe, hemoglobini, sodiamu, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na sukari. Kila kipimo kikivuka mpaka wake mgonjwa anapewa alama, na jumla ya juu ni 13. Akifikisha 6, daktari anapaswa kushuku uoza. Akifikisha 8, anashuku kwa nguvu zaidi. Kusudi la kwanza la hesabu hiyo lilikuwa kutofautisha uoza na uvimbe wa kawaida wa ngozi. Baadaye wengine wakaanza kuitumia pia kubashiri nani atakufa, kazi ambayo haikutungiwa.

Kitabu cha mwongozo wa tiba cha Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, ambacho madaktari na wauguzi wengi wa Kivu wanakifahamu, kimechukua mipaka hiyo hiyo ya damu. Kinaeleza kwamba hatari ni ndogo pale vipimo vyote sita vinapokuwa upande mzuri. Hadi hapo ni sawa, kwa hospitali yenye mashine.

Sasa tuulete Masisi. Hemoglobini ikiwa chini ya 11, mgonjwa anapata alama 2. Lakini mtoto wa kambi aliyepata malaria mara tatu mwaka huu, au mama aliyejifungua mwezi uliopita na anakula muhogo mtupu, anaweza kuwa chini ya 11 hata kama mguu wake ni mzima. Amepewa alama mbili kwa sababu ya umaskini, kabla ugonjwa wenyewe haujahesabiwa. CRP nayo, yenye uzito wa alama 4 peke yake, inahitaji mashine na dawa za kupimia, na sodiamu hivyo hivyo. Katika kituo cha afya cha kijijini, penye kipimo cha haraka cha malaria na mizani ya watoto, hesabu hii haianzi kabisa.

Hata penye mashine, inakosea. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzipima upya kwa pamoja. LRINEC ya alama 6 na zaidi iliwanasa wagonjwa 68 hivi katika kila 100 wenye uoza wa kweli. Maana yake ni kwamba karibu mmoja katika watatu angepita kando ya wavu. Uchambuzi huo huo ulionyesha jambo ambalo kila muuguzi angefaa kulikumbuka: homa ilikuwapo kwa chini ya nusu ya wagonjwa, na malengelenge yenye damu kwa robo tu. Tansio ya kushuka ilionekana kwa mmoja kati ya watano. Mgonjwa asiye na homa, ambaye ngozi yake bado haijapasuka, anaweza kuwa ameshaoza ndani.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu havilisemi kwa sauti. Karibu vyote vinaanza na neno "wekundu". Wekundu huonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu dalili hiyo hujificha, na kinachoonekana ni sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, inayong'aa, iliyokazana kama ngozi ya ngoma na yenye joto mkononi. Anayesubiri kuona wekundu Walikale atasubiri sana.

Kinachopimika bila maabara

Kwa bahati nzuri ipo hesabu nyingine, iliyotungwa kwa wagonjwa wa Afrika. Ilitangazwa mwaka 2017 kutokana na rekodi za wagonjwa 5.573 waliolazwa katika hospitali za Gaboni, Malawi, Sierra Leone, Tanzania, Uganda na Zambia. Inajulikana kwa kifupi kama UVA. Haikutungwa kwa ajili ya uoza peke yake. Inamtazama mgonjwa yeyote mzima aliyelazwa na kukadiria hatari ya kufia hospitalini. Lakini vitu inavyouliza vinaweza kujibiwa na muuguzi mmoja mwenye saa ya mkononi, kipimajoto, mashine ya tansio na kile kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni.

Mapigo ya moyo yakifika 120 kwa dakika, alama 1. Pumzi zikifika 30, alama 1. Tansio ya juu ikiwa chini ya 90, alama 1. Oksijeni chini ya 92 kwa mia, alama 2. Virusi vya ukimwi, alama 2. Joto la mwili chini ya 36, alama 2. Na akili iliyovurugika, yaani mgonjwa ambaye hajibu sawasawa, hamtambui mkewe au anasinzia katikati ya maneno, alama 4. Ukivuka alama 4 uko kwenye kundi la hatari kubwa. Kuchanganyikiwa peke yake kunakufikisha mlangoni pa kundi hilo.

Ona kwamba joto linalopewa alama hapo ni la kushuka. Sisi tumezoea kuogopa homa kali, na mtu akipoa tunashukuru Mungu kwamba dawa imefanya kazi. Hata hesabu nyingine iliyotungwa Marekani mwaka 2009, mahsusi kwa wagonjwa wa uoza wa nyama, imeweka joto chini ya 36 kati ya dalili sita za kifo, pamoja na umri zaidi ya miaka 50, moyo unaopiga zaidi ya mara 110, na vipimo vitatu vya damu. Mabara mawili, wagonjwa tofauti, jibu moja: mgonjwa wa uoza anayeanza kuwa baridi mikononi, huku maumivu yake yakipungua ghafla, anazidiwa. Maumivu yamepungua kwa sababu mishipa ya fahamu ya mahali pale imekufa.

Mimi ningeongeza kifaa kimoja ambacho hakimo kwenye hesabu yoyote, nacho ni kalamu. Chora mstari kwenye ukingo wa uvimbe, andika saa kando yake juu ya ngozi, rudi baada ya saa moja au mbili. Uvimbe ukivuka mstari huku mgonjwa akiwa kwenye antibiotiki, hiyo ni habari ambayo hata CRP haitoi upesi namna hiyo. Mbinu hiyo inafundishwa kwenye hospitali kubwa za dunia, na gharama yake ni biki moja.

Namba iliyo juu ya namba zote

Katika yote yaliyoandikwa kuhusu nani anapona na nani anakufa, jambo moja linarudi kila mara: muda kati ya kuanza kwa ugonjwa na kisu cha kwanza. Uchambuzi uliotangazwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 6 tangu kufika hospitalini walikufa 19 katika kila 100. Waliopasuliwa baada ya hapo walikufa 32. Antibiotiki ni za lazima na zianze mara moja, lakini haziwezi kufika kwenye nyama iliyokufa kwa sababu damu haifiki tena huko. Nyama hiyo inakatwa na kuondolewa mpaka ukutane na nyama inayotoa damu. Kesho yake daktari anafungua tena na kutazama, na keshokutwa tena ikibidi.

Ushahidi wa zamani unanigusa zaidi kuliko huo mpya. Mwaka 1924, miaka minne kabla ya penisilini kugunduliwa, daktari Mmarekani Frank Meleney aliandika juu ya wagonjwa 20 aliowaona Peking, China. Hakuwa na antibiotiki hata moja. Alichokuwa nacho ni kisu, maji ya kusafishia na jicho la kutambua mapema. Walikufa wanne. Mwaka 2019, nchi za Skandinavia, zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kila aina, zilitangaza matokeo ya wagonjwa 409, na ndani ya siku 90 walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Wagonjwa wa Meleney hawakuwa sawa na wa Skandinavia, na namba hizo mbili haziwekwi kwenye mizani moja hivi hivi. Hata hivyo zinamwambia daktari wa hospitali kuu ya wilaya, aliyezoea kuambiwa kwamba hana vifaa, kwamba kazi kubwa zaidi iko ndani ya uwezo wake. Anayefanya upasuaji wa uzazi kila wiki anao mkono wa kufungua mguu uliooza.

Mradi mgonjwa amfikie. Na hapa ndipo tunapoingia barabarani.

Wilaya ya Walikale ina kilomita za mraba 23.475, kubwa kuliko wilaya nyingine zote za Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Zone zake za afya ni nne: Walikale, Kibua, Itebero na Pinga. Masisi ni ndogo zaidi, kilomita za mraba 4.734, lakini ni milima juu ya milima, na zone zake ni Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Mchimbaji aliyejikata kwa sepetu ndani ya msitu anatembea au anabebwa mpaka kwenye njia ya pikipiki, kisha anatafuta motari atakayekubali kumpakia mtu anayepiga kelele za maumivu. Mkulima wa milima ya Nyabiondo anashushwa kwa kipoyi, wanaume wakipokezana mabega, na mvua ikinyesha wanasubiri. Saa sita za watafiti zinahesabiwa tangu mlango wa hospitali. Kwetu zinakuwa zimekwisha mara tatu kabla ya mlango huo kuonekana.

Halafu vita. Masisi-centre iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Walikale-centre ilichukuliwa tarehe 19 Machi na waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Barabara inayotoka Sake kupitia Masisi kuelekea Walikale ndiyo mshipa wa wilaya hizo mbili, na vijiji vyake vya Nyabiondo, Kashebere na Kibua vimesikia risasi mara nyingi. Barabara ikifungwa, barua ya kumhamishia mgonjwa hospitali kubwa inabaki karatasi. MSF imekuwa ikiisaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007, na inafanya kazi Mweso na Walikale pia. Lakini hospitali, hata ikiwa na dawa, haiwezi kumfuata mgonjwa aliyejificha msituni na familia yake kwa siku tano.

Makosa yanayofanyika kabla ya hospitali

Upasuaji wa vita una kanuni ya zamani ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, inaifundisha kila mahali: kidonda cha risasi au bomu kisishonwe siku ya kwanza. Kinasafishwa, nyama iliyokufa inaondolewa, kinaachwa wazi kwa bandeji, na kinashonwa siku ya nne au ya tano kikiwa safi. Kidonda kilichofungwa kwa nyuzi upesi upesi, ili kipendeze, kinawafungia ndani vijidudu vinavyopenda mahali pasipo hewa. Daktari anayempokea mgonjwa mwenye kidonda cha risasi kilichoshonwa kwenye posti ya afya au dispansari ya mtaani, na mguu uliovimba juu na chini ya nyuzi, ameshapata utabiri wake. Anakata nyuzi kwanza, kisha anauliza maswali.

Kosa jingine ni vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa sokoni kama karanga. Zinaweza kupunguza maumivu na homa kwa siku moja au mbili, na hizo ndizo dalili ambazo zingemkimbiza mtu hospitalini. Kuna pia wanaosema kwamba mguu unaovimba ghafla bila sababu ni karuho, ni sumu ya jirani, na wanampeleka kwa mganga anayechanja. Sitaki kumcheka mtu yeyote hapa. Ugonjwa unaomwangusha kijana mzima kwa siku mbili kupitia mkwaruzo unafanana kweli na kitu kilichotumwa. Ila kuchanja kunafungua milango mingine kumi, na siku iliyopotea kwa mganga hairudi.

Tusiwasahau kina mama. Utafiti wa MSF uliotangazwa mwaka 2015, juu ya wanawake 1.276 waliozalishwa kwa upasuaji katika hospitali zake za Burundi, RDC na Sierra Leone, ulikuta kwamba 7,3 kwa mia walipata maambukizi ya kidonda. Mengi kabisa yalikuwa ya juu juu na yanatibika. Lakini mama aliyerudi kijijini siku ya tano, ambaye mshono wake unauma kuliko siku ya kwanza na unatoa maji ya kijivu yenye harufu, asiambiwe avumilie kwa sababu "kidonda kinapona hivyo".

Anayeamua ni nani

Mgonjwa amefika. Daktari amesema: tukikata mguu leo anaweza kuishi, tukingoja kesho sijui. Familia inaomba kwanza ipige simu kwa mjomba, na mjomba yuko Goma au Kisangani, na simu haishiki. Mtu asiye na mguu atalimaje mlimani, na atakimbiaje siku risasi zitakapolia tena? Ni maswali ya haki kabisa. Hapa ndipo utabiri ulioelezwa vizuri unapookoa muda. "Anaweza kufa" ni maneno ambayo kila familia imeyasikia mara nyingi. Kuonyeshwa kwamba jana saa nane mstari wa kalamu ulikuwa hapa, leo asubuhi uko juu ya goti, na mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa, ni jambo ambalo hata mzee asiyesoma analiona kwa macho yake.

Lakini hesabu zina upande wa hatari pia, hasa mahali penye meza moja ya upasuaji na mifuko miwili ya damu. Mtu akipata alama nyingi, kishawishi ni kusema: huyu keshakwenda, tumhudumie mwingine. Hesabu ya UVA inasema tu kwamba katika kundi lenye alama kama hizo wengi walikufa. Haijui kwamba huyu ni kijana wa miaka 19 ambaye nyama iliyooza ni ya mguu mmoja na inaweza kukatwa yote leo. Alama kubwa ni sababu ya kuharakisha. Kuziita hukumu ni kuzitumia kinyume.

Kwa muuguzi wa kituo cha mbali, mambo ya kuandika kwenye barua ya kumhamisha mgonjwa yanaenea kwenye nusu ukurasa: saa maumivu yalipoanza, kidonda kilianzia wapi na kama kimeshonwa, mapigo, pumzi, joto, tansio, anajibu au hajibu, amekojoa mara ya mwisho lini, antibiotiki gani imechomwa na saa ngapi, na mstari wa kalamu ulichorwa saa ngapi. Daktari anayeipokea barua hiyo anajua aende moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji au la, bila kungoja maabara ifunguliwe asubuhi.

Kwa waliopona, kazi inaendelea miezi mingi. Eneo lililokatwa linahitaji bandeji kila siku, chakula chenye protini, mara nyingi na kupandikiziwa ngozi. Waliopoteza mguu wanaweza kutengenezewa wa bandia Goma, katika kituo cha Shirika la Umoja kinachosaidiwa na CICR. Mguu huo unapimwa, unajaribiwa na kurekebishwa mara kadhaa, na kwa mtoto unabadilishwa kila anapokua. Kwa mtu wa Pinga au Itebero, kila rekebisho ni safari nyingine kwenye barabara ile ile.